Boksi Lenye Jina la Mama

Lake Halvor, Minnesota
17 Novemba 2015

LaVonne,

Sikusalimu. Salamu ni za watu wasioibiana.

Ningekupigia simu, lakini nakujua: nikianza kusema kweli utasema mtandao mbaya, kisha unakata. Barua haikatwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Jana akina mama wa kanisa tulikutana kwenye ukumbi wa chini kupanga kifungua kinywa cha Jumapili ya Mtakatifu Lucia, ile ya Desemba. Nilifika na mpango wangu ule ule wa miaka kumi na tisa: mimi napika pankeki za tangawizi za Mama, wengine wagawane kahawa, soseji na vyombo. Namkuta mchungaji wetu mpya, yule asiyejua hata kufunga skafu, ameshawasha jiko. Mezani kuna boksi jekundu. "Mama Ardis, hebu onja hii," ananiambia. "Ni unga wa msimu, unatia maji tu basi. Krismasi ikipita hauuzwi tena."

Nikaonja, LaVonne. Ikaanza tangawizi, ikaja karafuu, halafu mwisho kabisa, kooni, ule moto mdogo. Pilipili manga. Unajua vizuri sana ninachosema. Ni ile pilipili ambayo Mama hakuiandika kwenye kitabu cha mapishi cha kanisa cha mwaka 1974, kama ambavyo kila mama wa hapa aliacha kitu kimoja katika mapishi yake ili jirani asimfikie. Nusu ya utamu wa mji huu haimo kwenye kitabu kile. Mimi aliniandikia kadi kwa mkono wake, nawe akakuandikia yako. Watu wawili tu duniani.

Nikaligeuza boksi. Limeandikwa "Pankeki za Tangawizi za Bibi Inga." Inga! Jina la mama yetu, na picha ya kibibi chenye mashavu mekundu ambacho Mama asingekiruhusu kukanyaga zulia lake. Na ili kuficha wizi wameongeza kahawa ya unga, nimesoma ubavuni. Kahawa! Ndani ya pankeki!

Ngoja, sijamaliza. Dagny Skaar, mwenye miaka tisini na moja na meno yake mwenyewe, alitafuna, akafumba macho, akasema mbele ya watu wote: "Hii ndiyo ya Inga. Imepungua kidogo tu, lakini ndiyo yenyewe. Ardis, ya kwako haijawahi kuwa hii." Watu wakatazama sakafu. Miaka kumi na tisa wanakula za kwangu wakizisifu, kumbe walikuwa wananisitiri! Na mchungaji, kwa ule upole wake unaoua, akasema labda mwaka huu tutumie maboksi, "Mama Ardis naye apumzike." Watapiga kura tarehe 10 Desemba.

Apumzike! Mimi ni farasi mzee? Jiko la Lucia ndicho kitu pekee nilichoachiwa na Mama ambacho watu wanakiona. Wakinitoa pale, mimi ni nani kanisani? Mjane wa benchi la nne.

Sasa nijibu. Uliwauzia lini mapishi ya Mama, na kwa nini uliwapa mazuri kuliko haya niliyo nayo mimi?

Dada yako, kama bado unalitaka neno hilo,
Ardis


Mesa, Arizona
21 Novemba

Dada Ardis,

Mimi nakusalimu, maana nililelewa vizuri. Tulilelewa nyumba moja, lakini naona wewe yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwa sababu kukaa siwezi. Nilipasuliwa nyonga mwezi wa tisa. Ulijua? Hukujua. Miaka sita niko huku, hujaniuliza lolote zaidi ya "huko bado joto?" Ndiyo, Ardis. Bado joto.

Nilimtuma jirani aninunulie hilo boksi. Nikapika, nikala peke yangu, na nakuapia nilikaribia kumwita Mama aje ale. Lakini mapishi yale si ya kwangu, mheshimiwa hakimu, na ushahidi huu hapa.

Hiyo kahawa unayosema ya kuficha wizi imo kwenye kadi yangu: "Nusu kikombe cha kahawa iliyolala, baridi." Mwandiko wa Mama. Kisha unaniambia pilipili. Pilipili gani? Kwenye kadi yangu hakuna pilipili. Nilipousikia ule moto kooni nilidhani kiwandani wamekosea. Sasa mwenye pilipili ni wewe, halafu mwizi ni mimi? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni hiyo aproni yako.

Na nikwambie jambo jingine ambalo hukuwahi kuuliza. Tangu Mama anipe kadi ile sijapika pankeki zile hata siku moja. Kikaango ulichukua wewe. Jiko la kanisa ulichukua wewe. Mimi nilibaki na kadi, nikaifungia ndani ya Biblia, na hata kuitazama nilikuwa siwezi mpaka barua yako iliponilazimisha. Mtu hauzi kitu ambacho hata kukishika kunamuuma.

Niombe radhi, au usiandike tena.

Mdogo wako,
LaVonne


Lake Halvor
25 Novemba

LaVonne,

Pole kwa nyonga. Nimesema. Sasa turudi kwenye uongo wako.

Mama hakutia kahawa. Kahawa kwake ilikuwa ya kunywa. Mimi nilikaa naye jikoni tangu ninapanda kigoda kufikia meza, na kama angetia kahawa ningeiona. Na ati kadi yako haina pilipili! Pilipili ndiyo siri yenyewe, LaVonne. Mtu anaandikaje siri na kuiacha siri nje?

Niletee kadi. Sitaki nakala uliyoandika wewe ukiwa na kiyoyozi na hila zako. Nataka kadi ya Mama mwenyewe. Na kinu kilichotengeneza unga huo nimekiandikia pia, barua ya kurasa nne. Niliwaambia wanitajie mwizi kwa jina au nitakuja na koti langu la baridi kuketi kwenye mapokezi yao mpaka Pasaka.

Jana nilikwenda dukani nikageuza maboksi yote kwenye rafu, nikayaelekeza mgongo kwa watu. Kijana wa duka aliniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia msaada ninaouhitaji hauuzwi pale.

Ardis


Kinu cha Kengele Tatu
Idara ya Huduma kwa Wateja
27 Novemba

Mpendwa Bi. Ness,

Tunakushukuru kwa barua yako ndefu. Ni furaha yetu kusikia kwamba unga wetu wa msimu umekugusa kwa kiwango hicho.

Mapishi ya Pankeki za Tangawizi za Bibi Inga yalishinda shindano letu la mapishi ya familia. Yaliletwa na Bi. Marvel Tollefson, ambaye alitoa sharti moja: jina lake lisitokee popote kwenye boksi, bali litumike la marehemu mama mkwe wake. Kwa kawaida hatutoi majina ya washiriki. Hata hivyo Bi. Tollefson alituachia maelezo kwamba mtu anayeitwa Ardis angeandika, tena kwa ukali, na kwamba akiandika tumwambie.

Tumeambatanisha kuponi ya maboksi mawili bila malipo. Tunakutakia msimu mwema wa sikukuu.

Wako mwaminifu,
kwa niaba ya Kinu


Mesa
28 Novemba

Ardis,

Kadi hiyo hapo. Nimeituma kwa rejista. Ikipotea nitakuja Minnesota kwa magongo kukutafuta.

Igeuze nyuma. Ameandika: "Kwa LaVonne. Usimpe mtu." Nakumbuka nilivyojiona siku aliyonipa. Nilijua amenichagua mimi.

L.


Lake Halvor
2 Desemba

LaVonne,

Kadi imefika. Ninakuomba radhi. Kalamu imekuwa nzito, lakini nimeandika, na sitarudia.

Nyuma ya kadi yangu nayo ameandika: "Kwa Ardis. Usimpe mtu." Nimeziweka pamoja mezani. Karatasi moja, wino mmoja, viungo vile vile kwa mpangilio ule ule, isipokuwa yangu haina kahawa na yako haina pilipili. Mama hakusahau, LaVonne. Mama hakuwahi kusahau hata kijiko alichoazimwa. Alitufanyia sisi, wanawe wa kuwazaa, vile alivyowafanyia majirani kwenye kitabu cha kanisa.

Mchana huu nimepika kwa kahawa yako na pilipili yangu. Nikaonja moja nimesimama karibu na jiko, kisha nikavuta kiti nikakaa, nikala ya pili. Miaka kumi na tisa nimelisha kanisa zima nusu ya mama yangu.

Na sasa soma hii barua ya kinu niliyokuwekea humu. Marvel! Mke wa Orrin! Kaka yetu alituletea Mkatoliki asiyejua hata kukoroga mchuzi, tukamvumilia miaka yote, na huyo ndiye aliyepewa kamili? Namwandikia sasa hivi kabla hasira haijapoa.

Ardis


Lake Halvor
2 Desemba

Marvel,

Nimepata barua kutoka kwa marafiki zako wa kinu. Wamenipa na kuponi. Kuponi hiyo nakurudishia humu ndani, ikusaidie kununua haya na aibu.

Ulikaa kwenye nyumba ya mama yetu miaka kumi na moja. Ulilala chini ya paa lake, ukala mezani kwake, na alipokuwa kitandani hajiwezi ukamchokonoa mpaka akakupa kile ambacho hakutupa sisi damu yake. Kisha ukakipeleka kikachanganywe na baking poda ya kiwandani na kuuzwa kando ya chakula cha mbwa. Na kwa kuwa hukuwa na ujasiri wa kuandika jina lako, ukaandika la kwake!

Wiki ijayo kanisa langu litapiga kura kama ninafaa mimi au linafaa boksi lako. Nimefanya kazi ile tangu Mama aliponikabidhi mwiko. Ukinitoa pale umenimaliza, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana uliwaambia nitaandika. Ulikuwa unanisubiri kama paka kwenye tundu la panya.

Sina zaidi.

Ardis Ness


Rusk Falls
4 Desemba

Wifi Ardis,

Nimekujibu siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari miaka kumi na sita.

Mama yenu hakunipa kadi. Nilimwomba. Alisema kadi ni za watu wanaokwenda zao, wewe uko hapa hapa. Nilichojua nilikijua kwa kuosha vyombo. Mlipoingia jikoni wewe na LaVonne, alifunika mikebe na kubadilisha mazungumzo. Mimi nilikuwa kwenye sinki nimewapa mgongo, na mtu anayeosha vyombo hafichwi kitu, kwa sababu hakuna anayemwona. Mlinifundisha hivyo ninyi. Siku ya mazishi yake, maneno pekee uliyoniambia yalikuwa kuuliza kama vikombe vimeshakaushwa.

Unasema nilimchokonoa. Nilimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili kwa miezi mitano, Ardis. Wewe ulikuwa unakuja Jumapili na maua.

Niliona kadi zenu siku alipoziandika. Nikamwambia, "Mama, mbona umewapa nusu nusu?" Akacheka. Akasema: "Watapika, wataonja, wataona si yenyewe. Watakuja kuniuliza. Ardis ndiye atakayetangulia, ulimi wake ni mkali." Hakuwa anawanyima. Alikuwa anawaita.

Kisha akasubiri. LaVonne hakupika. Wewe ulipika, ukaja na sahani imefunikwa kitambaa, ukamwambia, "Mama, zimetoka kama zako kabisa." Alikula, akakushukuru. Ulipoondoka akaniambia, "Hakuuliza." Mwaka uliofuata ukaja tena na sahani na maneno yale yale. Akasema tena, "Hakuuliza." Wa tatu alikuwa hawezi tena kutafuna.

Mimi nilinyamaza kwa sababu Orrin aliniomba ninyamaze. Orrin sasa hayupo. Desemba iliyopita nilikuja kwenye Lucia yenu, nikakaa meza ya nyuma. Ulipita na sinia mara mbili, hukunisalimu. Nikala za kwako. Nikaona watoto wa mji mzima wanakua wakiamini ile ndiyo ilikuwa pankeki ya Inga Tollefson. Nikaona aibu kwa niaba yake. Niliporudi nyumbani niliandika kwa kinu, nikaweka jina lake kwa sababu ni lake. Langu sikuwahi kuliona kwenye kitu chochote cha ukoo wenu, kwa nini nianzie kwenye boksi?

Na nikwambie la mwisho ndipo ukasirike vizuri. Kinu nao sikuwaambia kila kitu. Kuna jambo moja nimeliacha nje. Dagny Skaar akionja atakuwa amelijua. Mlisema miaka yote kwamba mimi si mwanamke wa ukoo huu. Basi tazama nilivyo wa ukoo huu.

Ukitaka kulijua, mlango ni ule ule aliouacha wazi mama yako.

Kuponi nimeipokea. Nitaitumia.

Marvel


Mesa
8 Desemba

Ardis,

Nimesoma barua ya Marvel uliyonitumia. Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimerudi kulia, na nyonga inauma kotekote.

Namkasirikia Mama. Alikuwa na mdomo. Angeweza kusema, "Wanangu, njooni mkae nami." Badala yake akatega mtego wa kahawa na pilipili, akakaa dirishani kusubiri sisi tunaswe! Lakini huyo ndiye alikuwa Mama. Asingeomba maji hata nyumba ikiungua. Na sisi tumemrithi hilo kamili, bila kupunguziwa kitu.

Mimi nami sina la kujisifia. Wewe ulipika ukakosea. Mimi sikupika kabisa. Kama ningepika mara moja tu ningempigia simu kumwambia Mama, mbona hii haina moto?

Daktari amenikataza kusafiri. Nenda wewe kwa Marvel. Na Ardis, nakusihi kama dada: usiende na ule uso wako wa hakimu.

LaVonne


Lake Halvor
9 Desemba

Wifi Marvel,

Bado nimekasirika. Nimeona nikwambie mapema usije ukanikumbatia mlangoni.

Nimekasirika kwa sababu ulikaa miaka kumi na sita na neno lile la Mama mfukoni, huku kila Desemba natembeza sinia kama malkia. Ungeweza kunipiga nalo wakati wowote. Umesubiri mpaka Orrin amekufa na mimi nimezeeka. Ile "Hakuuliza" nimekwenda nayo sokoni, nimerudi nayo, nimelala nayo. Nakumbuka zile sahani, Marvel. Nakumbuka kitambaa chenyewe, kile cha mistari ya bluu. Nilimtazama usoni akitafuna na nilijua. Nisikudanganye. Ulimi wangu ni mkali kweli, nilijua kabisa kwamba si yenyewe, nikasema ni yenyewe, kwa sababu mwanamke aliyekabidhiwa mwiko mbele ya kanisa zima haendi kuuliza kama mtoto. Sasa umelijua na hilo.

Vikombe vya mazishi nakumbuka pia. Kwa hilo sina utetezi. Nisamehe.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mchungaji, sikungoja kura. Nimemwambia maboksi yake ayapeleke kwa wenye njaa na haraka, na mimi peke yangu sipiki tena pale. Akashtuka, akauliza sasa nani atapika. Nikamwambia mama mkwe wa boksi ana mkwe. Hakuelewa, lakini skafu yake ilikuwa imefungwa kidogo, nikamhurumia.

Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa chini. Kikaango cha Mama nitakuja nacho, na siagi nitapaka mimi. Wewe utakaa kwenye jiko, mahali pangu, uso wako ukiangalia watu. Vyombo ataosha mchungaji. Na Jumapili sinia la kwanza tutalibeba sote wawili, wakitaka kutazama watazame.

Jana nilipika tena kwa kadi zote mbili nikampelekea Dagny. Akatafuna, akafumba macho. "Umekaribia," akasema. "Bado kidogo." Nimejaribu ganda la chungwa. Nimejaribu siagi iliyoungua, nimejaribu kuiacha rojo ilale barazani kwenye theluji. Ningeweza kuendelea kujaribu mpaka niingie kaburini, na mwenyewe unajua ningefanya hivyo kuliko hiki ninachokifanya sasa.

Basi nauliza, Wifi. Mama alitia nini kingine?

Ardis